Nyota Wapitao: Usajili wa Wanasoka Katika Ukanda wa Almasi na Dhahabu

Kwa zaidi ya nusu karne klabu za soka za Shinyanga, Mwanza na Geita zimekuwa zikitoa wachezaji ambao, majina yakishakua, huhamia Dar es Salaam, na siku hizi Lubumbashi au Salalah. Viongozi wa klabu hizo wamekuwa wakirudi kwenye hesabu ileile kila msimu wa usajili: wamchukue mshambuliaji ambaye kila mtu anajua hatakaa, au wamwache na kupambana na vijana wa kawaida wasiotakiwa na yeyote. Historia ya Mwadui, Stand United na Geita Gold inaonyesha jinsi hesabu hiyo ilivyobadilika pale ajira ya mgodini ilipogeuka kuwa mkataba wa soka. Inaonyesha pia kwamba nyota hakuwa peke yake mwenye uwezo wa kuondoka. Mdhamini naye aliweza.

Mwadui, wilayani Kishapu, ni mji uliozaliwa na mgodi. Mjiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua mwamba wenye almasi mahali hapo mwaka 1940, na katika miaka iliyofuata pakajengwa mji kamili wenye nyumba za wafanyakazi, shule, hospitali na uwanja wa ndege. Mji ulizungushiwa uzio, na mgeni aliingia kwa kibali, kwa sababu kilichochimbwa humo kiliweza kufichwa ndani ya kiganja. Williamson alifariki mwaka 1958, na mgodi ukanunuliwa kwa ubia kati ya kampuni ya De Beers na serikali ya Tanganyika. Baada ya Azimio la Arusha ukawa mali ya umma, kabla ya kurudi mikononi mwa De Beers katika miaka ya 1990 na kupita kwa Petra Diamonds mwaka 2009.

Ndani ya mji wa namna hiyo timu ya mpira ilikuwa sehemu ya maisha ya mgodi, kama zilivyokuwa timu za bandari, reli, magereza na mashirika ya umma kwingineko nchini. Soka ilikuwa ya ridhaa. Mchezaji aliandikishwa kazini kwanza, mazoezi yakafuata jioni. Kilichomshika hakikuwa sahihi yake kwenye karatasi ya usajili bali nyumba ya kampuni, matibabu ya familia na nafasi ya watoto shuleni. Klabu ya Dar es Salaam iliyomtaka ililazimika kumtafutia kazi nyingine, bandarini au kwenye shirika fulani, na mke wa mchezaji alikuwa na neno katika uamuzi huo kuliko kiongozi yeyote wa tawi. Mwajiri alikuwa ndiye ukuta. Hatari ya kumpoteza nyota ilikuwepo, lakini iliizidi nguvu klabu pale tu mwajiri alipoyumba.

Hilo lilijitokeza waziwazi kwa jirani wa Shinyanga, Pamba ya Mwanza, iliyobeba jina la zao lililolisha Usukuma mzima na ambayo mashabiki waliipa jina la TP Lindanda. Pamba ilitwaa Kombe la Nyerere mwaka 1989, na mwaka uliofuata, katika Kombe la Washindi barani Afrika, iliitandika Anse Boileau ya Shelisheli mabao 17 kwa 1 katika mechi mbili: 5-0, kisha 12-1. Ilikuwa timu inayoogopwa na Simba na Yanga. Kisha ikaanza kumomonyoka. Beki George Masatu na kiungo Hussein Masha walikwenda Simba. Masatu alikuwemo kwenye kikosi cha Simba kilichofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 na kufungwa na Stella ya Abidjan mbele ya mashabiki wa Dar es Salaam. Katika miaka hiyohiyo uchumi wa pamba na mashirika ulikuwa ukifunguliwa kwa watu binafsi, na ajira iliyokuwa ikimzuia mchezaji Mwanza ikapungua thamani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Pamba ilikuwa imeshuka daraja, na ilikaa nje ya Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka 20 hadi iliporejea msimu wa 2024/25 kama Pamba Jiji.

Kilichochukua nafasi ya ajira ni mkataba. Barani Ulaya kesi ya mchezaji wa Ubelgiji, Jean-Marc Bosman, iliyoamuliwa mwaka 1995, iliweka msimamo kwamba mkataba ukiisha klabu haina tena haki ya kudai ada. FIFA ilitoa kanuni mpya za uhamisho mwaka 2001, na mfumo huo ukasambaa hadi kwenye vyama vya soka vya Afrika, Tanzania ikiwemo, ambako FAT ilibadilika kuwa TFF mwaka 2004. Tangu hapo bei ya mchezaji imefungwa kwenye kalenda. Kanuni inamruhusu mchezaji kuzungumza na klabu nyingine na kusaini nayo mkataba wa awali endapo mkataba wake umebakiza miezi 6 au pungufu.

Kipengele hicho kinaonekana kidogo, lakini kwa klabu ya mkoani ndicho kinachoamua kila kitu. Mkataba wa miaka 2 uliosainiwa Julai unaisha Juni ya mwaka wa pili. Ikifika Januari ya mwaka huo, mchezaji anaweza kusaini mahali pengine bila klabu yake kupata senti. Kwa hiyo klabu ina nafasi chache tu za kumuuza: dirisha dogo la msimu wa kwanza, wakati bado hajajulikana, dirisha kubwa la katikati ya mkataba, wakati bei iko juu kabisa, na dirisha dogo la msimu wa pili, wakati mnunuzi anajua kwamba akisubiri kidogo atampata bure. Klabu inayofurahia mabao ya msimu wa kwanza bila kuongeza mkataba kabla ya dirisha kubwa imeshaingia kwenye hasara, hata kama jedwali la ligi linaonyesha vingine. Mkataba wa mwaka 1, ambao ni wa kawaida kwa klabu zisizo na uhakika wa fedha, hauna hata dirisha hilo la katikati. Unaanza na kuisha kabla mchezaji hajawa na bei.

FIFA iliweka pia fidia ya mafunzo na mchango wa mshikamano, ili klabu zilizomlea mchezaji zisiachwe mikono mitupu anapouzwa nje ya nchi. Fidia ya mafunzo inahesabu miaka ya malezi hadi umri wa miaka 21, na klabu za Afrika zilizo daraja la chini kabisa la FIFA hukadiriwa dola 2,000 kwa mwaka. Mchango wa mshikamano ni asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa, ikigawanywa kwa klabu zote zilizokuwa na mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kwa kila msimu kuanzia umri wa miaka 16, klabu hupata nusu ya asilimia moja ya ada. Mchezaji akiuzwa dola 300,000, klabu iliyokuwa naye kwa msimu mmoja wa umri huo inastahili dola 1,500. Fedha hizo zinasaidia, ilimradi mchezaji alisajiliwa rasmi akiwa kijana na kumbukumbu zake zikatunzwa. Vijana wengi wa Shinyanga hucheza mpira wa mchangani hadi miaka 19 au 20 bila hati yoyote, na mafunzo yao hayaonekani kwenye mfumo.

Stand United ndiyo iliyoingia kwenye ulimwengu huo ikitoka mbali kuliko zote. Ilianzishwa na wapiga debe na vijana wa stendi ya mabasi ya Shinyanga, na jina lake la utani, Chama la Wana, lilieleza ni ya nani. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014 na kuufanya Uwanja wa CCM Kambarage kuwa mahali pa watu kukutana mwishoni mwa juma. Timu ya stendi haikuwa na mwajiri wa kumpa mchezaji nyumba. Ilikuwa na michango ya wanachama, viingilio na bahati.

Bahati ilikuja mwaka 2015 ilipoanza kudhaminiwa na Acacia, kampuni iliyokuwa ikiendesha migodi ya dhahabu ya Bulyanhulu na Buzwagi huko Kahama, na North Mara. Ghafla Stand United ikawa miongoni mwa klabu zenye uhakika wa mishahara kuliko nyingi za mikoani. Ikamleta kocha Mfaransa Patrick Liewig, aliyewahi kuifundisha Simba, na ikamchukua mshambuliaji Elias Maguli, aliyekuwa amepitia Ruvu Shooting na Simba bila kupata nafasi ya kudumu Msimbazi. Maguli ndiye mfano safi wa mchezaji ambaye klabu ndogo humpata kwa sababu klabu kubwa imemchoka. Bei yake ilikuwa chini, hamu yake ya kujirudishia jina ilikuwa juu, na kila bao alilofunga Kambarage lilimsogeza karibu na mlango wa kutokea.

Tarehe 14 Novemba 2015 Taifa Stars iliikaribisha Algeria Dar es Salaam katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Tanzania ilipata mabao mawili, moja la Maguli na jingine la Mbwana Samatta, kabla ya wageni kusawazisha na mchezo kuisha 2-2. Siku tatu baadaye Algeria ilishinda 7-0 kwao, lakini jina la mchezaji wa Stand United lilikuwa limeshasomwa nje ya mipaka. Klabu ya Shinyanga ilikuwa na mshambuliaji aliyefunga bao dhidi ya moja ya timu bora za Afrika. Huo ndio wakati ambao klabu yenye utulivu huketi na mchezaji, humwongezea mkataba na kumpandisha mshahara, ili atakapoondoka aondoke kwa ada.

Utulivu haukuwepo. Udhamini ulileta swali ambalo stendi haikuwahi kulazimika kulijibu: klabu ni ya nani, wanachama au kampuni iliyosajiliwa kuiendesha? Pande mbili zilivutana, kila moja ikidai ndiyo Stand United halali, na mwaka 2016 Acacia ikajiondoa. Msimu wa 2016/17 Maguli alikuwa Oman akiichezea Dhofar ya Salalah. Mwaka uliofuata Acacia yenyewe iliingia kwenye msukosuko mkubwa zaidi, pale serikali ilipozuia usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wa madini, nje ya nchi Machi 2017, na mwaka 2019 ikanunuliwa yote na Barrick. Hata kama mgogoro wa wanachama usingetokea, mdhamini wa Stand United asingekuwa salama. Klabu ilikuwa imejenga mishahara yake juu ya kampuni ambayo hatima yake iliamuliwa Dodoma na London.

Wakati huohuo Mwadui ilikuwa ikijaribu njia tofauti kabisa. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2015 chini ya kocha Jamhuri Kihwelo, maarufu kama Julio, na badala ya kutafuta vijana wenye njaa ikasajili majina. Walikuja Jerry Tegete, aliyewahi kuwa mfungaji tegemeo wa Yanga. Athuman Idd, yaani Chuji. Na Nizar Khalfan, aliyekuwa amecheza Vancouver Whitecaps nchini Kanada. Hesabu ya Julio ilieleweka. Mchezaji aliyeshavuka kilele chake hatachukuliwa na Simba katikati ya msimu, anajua kucheza mbele ya watu wengi, na kwa timu mpya anapunguza hofu. Hatari yake iko kwingine: mshahara unalipia miaka iliyopita, na siku akiondoka hakuna wa kumlipia ada.

Na hata Mwadui haikuepuka kupoteza yule mmoja aliyekuwa bado anapanda. Mshambuliaji Paul Nonga alichukuliwa na Yanga kwenye dirisha dogo la Desemba 2015, miezi michache tu baada ya ligi kuanza. Yanga wakati huo ilikuwa na washambuliaji wa kimataifa, Amissi Tambwe na Donald Ngoma, na Nonga hakuwa chaguo la kwanza. Baada ya muda mfupi alirudi Mwadui. Safari ya namna hiyo, kwenda Dar es Salaam kukaa benchi kisha kurudi nyumbani, imejirudia mara nyingi kiasi kwamba inastahili kuingizwa kwenye hesabu ya klabu ya mkoani. Anayeondoka leo anaweza kusajiliwa tena baada ya mwaka kwa gharama ndogo, endapo milango haikufungwa kwa matusi.

Msimu wa 2018/19 ulizipima klabu zote mbili za Shinyanga kwa wakati mmoja. Ligi ilikuwa na timu 20, kila moja ikicheza mechi 38, na haikuwa na mdhamini mkuu baada ya Vodacom kumaliza muda wake. Safari ya basi kutoka Shinyanga kwenda Mtwara ni ya siku nzima na zaidi, na gharama zake, pamoja na hoteli na posho, zilibaki kwa klabu. Septemba 2018 mshambuliaji Mrundi wa Stand United, Alex Kitenge, alifunga mabao matatu dhidi ya Yanga katika Uwanja wa Taifa. Yanga ikashinda 4-3, lakini mazungumzo ya siku zilizofuata yalikuwa ya Kitenge. Mchezaji wa kigeni anayefunga mabao matatu mbele ya macho ya Dar es Salaam kwa klabu isiyo na fedha huwa ni nyota wa kuazima, hata kama karatasi zinasema vingine. Mwisho wa msimu Stand United ikashuka daraja.

Mwadui iliponea chupuchupu. Mshambuliaji wake Salim Aiyee alimaliza na mabao 18, nyuma ya Meddie Kagere wa Simba pekee, aliyefunga 23. Bila mabao hayo Mwadui ingeshuka moja kwa moja. Pamoja nayo ililazimika kucheza mechi za mchujo, ambako iliitoa Geita na kubaki. Kiangazi hichohicho Aiyee akahamia KMC ya Kinondoni. Miaka miwili baadaye, mwisho wa msimu wa 2020/21, Mwadui ikashuka. Katikati ya kipindi hicho mgodi nao ulisimama: Aprili 2020, soko la almasi lilipoanguka kutokana na korona, Petra ilisitisha uzalishaji Mwadui na haukuanza tena hadi mwaka 2021. Timu iliyozaliwa na mgodi ilikuwa ikihangaika ligini wakati mashine zimezimwa.

Mwaka ambao Mwadui ilishuka ndio ambao Geita Gold ilipanda. Mkoa wa Geita wenyewe ulikuwa mchanga, uliundwa mwaka 2012 kwa kumega Mwanza, Kagera na Shinyanga, lakini dhahabu yake ilijulikana tangu enzi ya Wajerumani, na mgodi mkubwa wa sasa, unaoendeshwa na AngloGold Ashanti kupitia kampuni ya GGML, ulianza kazi mwaka 2000. Klabu ilikuwa mali ya Halmashauri ya Mji wa Geita, na GGML ikawa mdhamini. Mpangilio huo ulikuwa imara kuliko ule wa Stand United, kwa sababu sheria ya madini inazitaka kampuni kupanga mchango wao kwa jamii pamoja na halmashauri husika, na halmashauri ilikuwa ikipokea ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mapato ya mgodi. Hapakuwa na wanachama wa kugombea umiliki. Wakati wa kupanda ulikuwa mzuri pia: TFF ilikuwa imesaini mkataba wa televisheni na Azam Media wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, na Oktoba 2021 Benki ya NBC ikawa mdhamini mkuu wa ligi.

Geita ilianza msimu wa 2021/22 vibaya. Kocha Etienne Ndayiragije aliondoka mapema, na Fred Felix Minziro akachukua timu. Chini yake mshambuliaji George Mpole akaanza kufunga na hakuacha. Mbio zake na Fiston Mayele wa Yanga zilikwenda hadi siku za mwisho, Mpole akimaliza na mabao 17 na Mayele 16. Kwa mchezaji mzawa wa klabu ya mkoani iliyopanda mwaka huohuo kumpita mshambuliaji wa mabingwa waliomaliza bila kupoteza mechi ni jambo ambalo soka ya Tanzania itaendelea kulikumbuka. Geita Gold ilimaliza ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, ambako ilitolewa mapema na Hilal Alsahil ya Sudan kwa kanuni ya bao la ugenini.

Katikati ya msimu wa 2022/23 Mpole alikwenda Lubumbashi kujiunga na Saint-Eloi Lupopo, klabu ya jadi ya wafanyakazi wa reli katika mji wa shaba ambao Kiswahili chake kimejaa mitaani kama cha Geita. Uhamisho huo ulikuwa na mantiki yake. Lubumbashi ndiko Samatta alikopata jina, akiwa TP Mazembe tangu 2011 hadi alipoelekea Genk ya Ubelgiji Januari 2016, na kila mshambuliaji wa Tanzania anaujua mlango huo. Geita Gold haikuanguka mara moja. Ilimaliza msimu ule salama, kisha mwisho wa msimu wa 2023/24 ikashuka pamoja na Mtibwa Sugar.

Je, Geita ilikosea kumtegemea mtu wa kuondoka? Kesi ya mbali inasaidia kujibu, nayo inamhusu Mtanzania. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili katika usajili wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, mwaka 2009 na Memphis Grizzlies. Tarehe 24 Februari 2011 Memphis ilimtoa kwa Houston Rockets pamoja na DeMarre Carroll na haki ya kuchagua mchezaji wa raundi ya kwanza, ili impate Shane Battier, mlinzi mkongwe ambaye mkataba wake ulikuwa unaisha baada ya miezi michache. Memphis ilitoa kijana mrefu wa kesho kwa mtu ambaye huenda angeondoka kiangazi. Klabu hiyo ilikuwa imecheza mechi 12 za mtoano katika historia yake na kupoteza zote. Aprili 17, 2011, Battier alifunga mtupo wa pointi tatu dakika za mwisho dhidi ya San Antonio Spurs, na Memphis ikapata ushindi wake wa kwanza kabisa wa mtoano, kisha ikawaondoa Spurs waliokuwa vinara wa kanda. Desemba mwaka huo Battier akasaini Miami Heat. Memphis haikubaki na Battier wala Thabeet, lakini miaka iliyofuata iliingia mtoano mfululizo, kwa kuwa kiini cha kikosi kilichomzunguka Battier kilibaki.

Kesi kubwa zaidi ni ya Toronto, katika NBA hiyohiyo. Julai 2018 kiongozi wa klabu hiyo wakati huo, Masai Ujiri, Mnigeria ambaye mama yake ni Mkenya, alimtoa kipenzi cha mji, DeMar DeRozan, ili ampate Kawhi Leonard aliyebakiza mwaka 1. Juni 2019 Toronto ikawa bingwa kwa mara ya kwanza. Julai Leonard akaondoka. Hakuna mtu Toronto anayedai kombe lirudishwe.

Tofauti ya mazingira ni kubwa, na inafaa kutajwa. Katika NBA hakuna kushuka daraja. Klabu ikipoteza nyota inashika mkia, na mkia unaipa nafasi nzuri ya kuchagua vijana wapya. Klabu kama Geita ikipoteza mfungaji inaweza kuangukia Championship, ligi ya daraja la pili, ambako fedha za televisheni ni kidogo na wachezaji waliobaki nao huanza kutafuta njia. Kwa hiyo swali lenye uzito kwa klabu ya Kanda ya Ziwa ni kile kilichonunuliwa kwa mabao 17 wakati yakiwepo. Nafasi ya nne, safari ya Afrika na mwaka mmoja wa kutazamwa nchi nzima ni mali halisi. Zingeweza kugeuzwa mikataba mirefu ya vijana wa kikosi kilekile, katika lile dirisha kubwa la 2022 ambalo kila mchezaji wa Geita alikuwa na bei.

Hatari hiyo haizikumbi klabu ndogo peke yake; klabu kubwa za Dar es Salaam nazo zimeungua mara kadhaa. Simba ilimuuza Emmanuel Okwi kwa Etoile du Sahel ya Tunisia Januari 2013 kwa dola 300,000. Fedha hazikulipwa kwa wakati, shauri likafika FIFA, na kabla mwaka haujaisha Mganda huyo alikuwa amesaini Yanga. Desemba 2022 kiungo Feisal Salum aliirudishia Yanga shilingi milioni 112, akiamini kwamba kwa hesabu hiyo amevunja mkataba. TFF iliamua kuwa bado ni mchezaji wa Yanga, mvutano ukaendelea kwa miezi, Rais Samia Suluhu Hassan akaiomba klabu imalize jambo hilo, na Juni 2023 akahamia Azam kwa makubaliano. Yanga iliweza kusimama imara kwa sababu ilikuwa na wanasheria na mkataba uliobakiza muda. Klabu ya mkoani mara nyingi haina kimoja kati ya hivyo viwili. Kanuni za FIFA humlinda mwajiri kwa miaka 3 ya mwanzo ya mkataba ikiwa mchezaji alisaini kabla ya kutimiza miaka 28, lakini ulinzi huo hauna maana kwa mkataba wa mwaka 1, wala kwa klabu yenye malimbikizo ya mishahara, kwa kuwa mchezaji asiyelipwa kwa miezi 2 anaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali baada ya kutoa notisi ya siku 15.

Ndiyo maana dawa zilizoanza kutumika kwenye ukanda huu zinaanzia kwenye mshahara kabla ya kufika kwenye usajili. Klabu inayolipa kwa wakati haiwezi kunyang'anywa mchezaji kwa barua. Baada ya hapo hufuata mkopo wenye kipengele cha kununua, asilimia ya mauzo ya baadaye inayoandikwa klabu kubwa inapomchukua kijana, na usajili wa vijana wa chini ya miaka 20 wenye hati kamili, ambao TFF imezitaka klabu za Ligi Kuu kuwa na timu zao. Kiangazi cha 2024, Geita Gold ikiwa imeshashuka, Simba ilimchukua mshambuliaji wake kijana Valentino Mashaka. Msimu uliofuata George Mpole alikuwa amerudi Kanda ya Ziwa, safari hii akiwa na Pamba Jiji, huku Geita Gold na Stand United zikicheza Ligi ya Championship na kutafuta njia ya kurudi juu, zote mbili zikimaliza miongoni mwa timu nne za kwanza.